Fundi na Jemadari: Askari wa Uingereza, Silaha Zao na Hatima ya Magari ya Vita

(Mhadhara wa hadhara uliotolewa Dodoma mbele ya walimu wa historia, wakufunzi na wanafunzi wa ufundi wa magari)

Mwaliko wa leo umewaketisha pamoja watu wa historia na watu wa spana. Kwa somo la leo, hakuna kundi linaloweza kuelewa peke yake.

Nimeombwa nizungumzie askari wa Uingereza katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, silaha walizobeba, na yaliyoyapata magari yao baada ya mizinga kunyamaza. Habari hizi husimuliwa zaidi kupitia majemadari: Wavell alifanya hivi, Montgomery akafanya vile, Slim akavuka mto. Majemadari wameandikiwa vitabu vya kutosha. Kusudi langu ni kuonyesha kwamba uhai wa silaha na wa gari la vita, vitani na hata miaka mingi baada ya vita, uliamuliwa zaidi na mtu mwenye spana na kopo la mafuta kuliko na mtu mwenye nyota mabegani. Nina hoja tano. Hazitalingana urefu, maana nyingine zina mengi na nyingine zina machache. Ya tano itatuleta jirani kabisa na hapa tulipo, Kongwa.

Hoja ya kwanza: bunduki ilimtaka mwenye kuibeba awe fundi wake

Askari wa miguu wa Uingereza mwaka 1944 alivaa sare ya sufu nzito, kofia ya chuma yenye ukingo mpana na buti zenye misumari. Begani alikuwa na Lee-Enfield. Mtambo wa bunduki hiyo ulitokana na kazi ya James Paris Lee, mzaliwa wa Scotland aliyekulia Kanada na kufanya kazi Marekani; nusu ya pili ya jina ni kiwanda cha serikali cha Enfield, kaskazini mwa London. Toleo la mwaka 1907 lilipigana Vita Kuu ya Kwanza na likaendelea kupigana katika vita vya pili. Toleo Namba 4 lilianza kutoka viwandani kwa wingi mwaka 1941. Nadhani humu wamo wazee waliowahi kuishika, wakiiita Mark 4.

Ilitumia risasi ya inchi 0.303, na magazini yake ilibeba risasi 10 zilizoingizwa kwa vibanio viwili vya risasi tano tano. Kila baada ya kufyatua, askari alilivuta komeo kwa mkono, ganda likaruka nje, risasi nyingine ikapanda. Aliyefundishwa vizuri alitarajiwa kupiga risasi 15 zenye shabaha kwa dakika moja. Wajerumani na Wamarekani walikuwa na silaha za kasi zaidi, lakini Lee-Enfield ilikuwa na sifa ambayo kila fundi humu ataielewa: ilivumilia matope, na aliyeibeba aliweza kuitunza mwenyewe.

Ndani ya kitako chake kulikuwa na tundu lenye kifuniko, na humo mlikaa kichupa cha mafuta na kamba yenye kipande cha shaba mwishoni. Askari alidumbukiza shaba mtutuni, akafunga kitambaa kwenye kitanzi cha kamba, akavuta. Baada ya mapigano alimimina maji ya moto mtutuni kuosha chumvi iliyoachwa na fataki ya risasi, maana chumvi ile hula chuma, kisha akapaka mafuta. Jeshi lilimwadhibu askari kwa bunduki chafu kama lilivyomwadhibu kwa utovu wa nidhamu. Kwa hiyo kila askari wa miguu, awe mkulima wa Devon au mchimba makaa wa Wales, alikuwa fundi wa kitu kimoja kabla hajawa mpiganaji.

Kikundi cha askari kumi kilizunguka bombomu moja nyepesi iliyoitwa Bren, na wote walibeba magazini zake za ziada. Asili yake ni Chekoslovakia: herufi mbili za kwanza zinatoka mji wa Brno na mbili za mwisho zinatoka Enfield. Magazini yake iliyopinda ilipangiwa risasi 30, lakini askari wenye uzoefu waliweka 28 ili springi isichoke na risasi zisikwame. Mtutu ukipata moto, ulifunguliwa kwa mkono na kubadilishwa katika muda wa pumzi chache. Mtunzaji wa Bren hakuwa mmoja. Alikuwapo mpigaji, na pembeni yake msaidizi aliyeangalia mtutu na magazini.

Kisha ikaja bunduki fupi ya rashasha iliyoitwa Sten, mwaka 1941, kwa sababu nchi ilikuwa imeishiwa silaha. Mabomba ya chuma, springi, vipande vilivyochomelewa, na magazini inayochomoza ubavuni. Gharama yake ilikuwa takriban pauni 2 na shilingi 10, na zaidi ya milioni nne zilitengenezwa. Karakana ndogo zisizowahi kuona silaha zilitengeneza sehemu zake. Ilikuwa na ubaya wake: ikianguka chini, iliweza kufyatuka yenyewe, na askari kadhaa waliumizwa na silaha zao wenyewe. Lakini ilitumia risasi za milimita 9 zilizotumiwa pia na Wajerumani, na wapigania uhuru wa Ufaransa, Norway na Denmark waliweza kuifungua vipande na kuificha ndani ya kapu. Naitaja kwa heshima. Ni kazi ya watu waliokuwa na muda mfupi, chuma kidogo na adui aliyekwisha kufika ng'ambo ya mlango wa bahari.

Hoja ya pili: jeshi lililopoteza magari yake lilijifunza thamani yake upya

Mwaka 1940 Uingereza ilikuwa na jeshi lililotembea kwa injini zaidi kuliko karibu majeshi yote ya Ulaya. Wajerumani, pamoja na sifa za vifaru vyao, walikokota sehemu kubwa ya mizinga na mizigo kwa farasi. Ndiyo maana yaliyotokea Dunkirk yaliuma mno.

Kati ya tarehe 26 Mei na 4 Juni 1940, watu 338,226 waliokolewa kwa meli na mashua. Magari hayakuokolewa. Yaliyoachwa Ufaransa yalikaribia 64,000, pamoja na pikipiki zaidi ya 20,000 na mizinga zaidi ya 2,000. Naomba vijana wa karakana mfikirie dereva aliyelitunza lori lake tangu Septemba 1939, kisha akapewa amri aliue. Njia iliyofundishwa ilikuwa kumwaga mafuta ya injini, kumwaga maji ya rejeta, kisha kuiacha injini ikizunguka hadi ishikane. Wengine walipasua matairi na kuvunja vichwa vya injini kwa nyundo. Ufukweni, wahandisi walipanga malori mstari mmoja kuingia baharini wakati maji yamekupwa, wakaweka mbao juu yake, na maji yalipojaa askari wakatembea juu ya malori hayo kuzifikia mashua. Hiyo ilikuwa kazi ya mwisho ya malori yale, na iliokoa maisha ya watu wengi.

Wajerumani waliokota yaliyobaki. Mafundi wao walitengeneza maelfu ya magari ya Kiingereza na Kifaransa, wakayapaka rangi yao na kuyapeleka hata Urusi. Tazameni: adui aliyapata si kwa ujanja wa jemadari wake tu, bali kwa kuwa alikuwa na mafundi wa kutosha kuyafufua.

Nyumbani Uingereza, Anthony Eden alikuwa ametangaza redioni tarehe 14 Mei 1940 kuwaita wanaume wa kujitolea kulinda vijiji na miji yao. Jeshi hilo la raia lilifikia takriban watu milioni moja na nusu, na lilidumu hadi Desemba 1944. Mwanzoni walibeba bunduki za kuwindia, na baadaye wakaletewa bunduki za vita vya kwanza kutoka Marekani. Magari ya kawaida ya barabarani yalivalishwa mabati ya chuma na mbao za mwaloni yakaitwa magari ya deraya. Sioni cha kuchekwa hapo. Wazee wale, wengi wao wakiwa wamepigana Somme na Ypres, walijua vizuri nini kingewapata Wajerumani wakitua, na walijitokeza hivyo hivyo.

Hoja ya tatu: vita vya jangwani na vya msituni vilimpa fundi cheo chake

Jangwani Libya na Misri, mafuta ya magari yalisafirishwa katika madebe ya bati jembamba, mengine ya galoni nne, kipimo kile kile cha debe tunalolijua sote. Njiani madebe yaligongana, yakapasuka maungio, na sehemu kubwa ya petroli ikamwagika mchangani kabla haijafika mbele. Wajerumani walikuwa na kopo la lita 20 lililochomelewa kwa vipande viwili, lenye mishikio mitatu na kifuniko cha kubana, lisilovuja. Waingereza waliyathamini makopo hayo kila walipoyateka, hatimaye wakaanza kuyatengeneza wenyewe. Kopo la muundo huo huo mnaliona leo nyuma ya magari ya utalii yanayokwenda Ruaha. Kampeni nzima iliweza kuchelewa kwa sababu ya maungio mabaya ya bati, na hakuna ujasiri wa askari unaoziba tundu la debe.

Vifaru vya Uingereza vilikuwa na kasoro zao. Kifaru Covenanter kilibuniwa na rejeta mbele na injini nyuma, na mabomba ya maji ya moto yakapita ndani walimokaa wanajeshi. Zaidi ya 1,700 vilitengenezwa, na karibu vyote vilibaki Uingereza kwa mafunzo kwa sababu ya matatizo ya kupoza injini. Kinyume chake, Matilda kilikuwa cha polepole lakini chenye ngozi nene, na Valentine kilipendwa na mafundi kwa kutoharibika ovyo. Baadaye Sherman za Marekani zilijaza pengo, na Waingereza wakaingiza mzinga wao wa ratili 17 ndani ya baadhi yake ili ziweze kupambana na vifaru vya Kijerumani vya Tiger na Panther.

Tarehe 1 Oktoba 1942 jeshi lilikubali lililokuwa wazi: likaanzisha kikosi maalumu cha wahandisi wa umeme na mitambo, kinachojulikana kwa herufi REME, kikakusanya mafundi waliokuwa wametawanyika katika idara mbalimbali. Usiku baada ya mapigano ya vifaru, watu hawa walitoka na magari ya kukokota kuvifuata vifaru vilivyokwama, mara nyingine adui naye akivifuata hivyo hivyo. Kifaru kilichokokotwa na kutengenezwa kilirudi vitani baada ya siku chache. Kilichoachwa kilihesabiwa hasara. Wanawake pia waliingia kazini katika kikosi chao, wakiendesha malori na kufungua injini. Mmoja wao, mwaka 1945, alikuwa Binti Mfalme Elizabeth, aliyefundishwa udereva na ufundi wa magari miaka saba kabla ya kuwa malkia.

Hapa naomba niingize kisa cha kwetu. Tarehe 19 Mei 1941, huko Colito nchini Ethiopia, vikosi vya King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Uingereza katika Afrika Mashariki, vilikuwa vimevuka mto Bilate. Vifaru vya Kiitaliano vikatokea ghafla. Sajini Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya, wa kikosi cha Tanganyika, alirukia kifaru kimoja, akafungua mfuniko wa juu, akawapiga risasi waliokuwemo akimwacha dereva, na kumlazimisha akiendeshe hadi mahali penye kificho. Kisha akajaribu kuutumia mzinga wa kifaru kile dhidi ya vifaru vingine. Ukakataa kulia. Akashuka, akavifuata vingine kwa miguu, na aliuawa akiwa juu ya kifaru kingine. Alitunukiwa Msalaba wa Victoria baada ya kufa. Ujasiri wake unajulikana. Mimi huufikiria mzinga ule uliogoma mikononi mwa mtu ambaye hakuwahi kufundishwa kuutumia, na najiuliza dakika tano za somo zingebadilisha nini.

Burma ilikuwa mtihani wa aina nyingine. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika ya huko, mvua ikigeuza njia kuwa tope la kuzamisha magurudumu. Malori yalikokotwa kwa nyororo na kwa mikono, na siku nyingine chakula na risasi vilidondoshwa kwa ndege kwa sababu hakuna gari lililopita. Divisheni ilifika Kalewa, na Desemba 1944 wahandisi wakaunganisha juu ya mto Chindwin daraja la vipande vya chuma la aina ya Bailey lenye urefu wa futi 1,154, lililokuwa refu kuliko yote ya aina hiyo wakati huo. Katika jeshi lile walikuwamo vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini waliojifunzia udereva na ufundi kambini. Tanganyika peke yake ilitoa askari karibu 87,000 katika vita vile. Waliporudi, wengi walirudi na ustadi wa spana ambao haukuandikwa katika medali yoyote.

Hoja ya nne: baada ya vita, lililopata kazi liliishi

Amani ilipokuja, Uingereza ilikuwa na shehena ya chuma isiyo na adui. Fikirieni gari moja tu: lile dogo la minyororo lililobeba bombomu na askari, Universal Carrier, lilitengenezwa zaidi ya laki moja katika nchi mbalimbali. Kanada nayo ilikuwa imetengeneza magari ya kijeshi zaidi ya laki nane. Vifaa vya mkopo kutoka Marekani ambavyo havikuharibika vilibaki kisheria mali ya Marekani, na deni ambalo nchi hizo mbili zilikubaliana mwaka 1945 lililipwa na Uingereza hadi mwisho wa mwaka 2006.

Vifaru ndivyo vilivyokufa kwanza. Kifaru hakiwezi kubeba viazi. Kinakunywa petroli nyingi, kinaharibu barabara, na chuma chake kilihitajika kwa nyumba na reli. Vingi vilikatwa kwa moto wa gesi na kuyeyushwa. Vingine vilipelekwa viwanja vya shabaha vikapigwa na mizinga ya vijana waliokuja baadaye. Vingine vilizikwa tu: kifaru kimoja cha Covenanter kilichimbuliwa ardhini katika shamba la Surrey mwaka 1977, na sasa kipo katika Makumbusho ya Vifaru ya Bovington, Dorset. Vingine viko chini ya bahari. Tarehe 4 Aprili 1944, katika mazoezi ya ghuba ya Studland, vifaru vya Valentine vilivyovalishwa turubai ili vielee vilizama kwa mawimbi, na askari sita wakafa. Mabaki ya vifaru hivyo bado yako pale.

Historia ilikuwa imetoa onyo mapema. Baada ya vita vya kwanza, serikali ya Uingereza iligawa vifaru zaidi ya 260 kwa miji iliyochangia fedha za vita, vikawekwa kwenye bustani za umma. Watu walivipokea kwa bendi za muziki. Kufikia miaka ya 1930 vilikuwa vimeota kutu, watoto wakiumia humo, na mabaraza ya miji yakaviuza kama chuma chakavu. Vilivyobaki vikachukuliwa katika vita vilivyofuata. Kati ya vyote, kilichobaki mahali pake ni kimoja, mjini Ashford, Kent. Na kwa nini kilisalimika? Mwaka 1929 matumbo yake yalitolewa, ndani yake pakafungwa mtambo wa umeme wa mji. Kilipata kazi. Heshima haikuviokoa vile vingine.

Malori yalikuwa na bahati kubwa zaidi. Yaliuzwa kwa mnada kwenye maghala ya jeshi, na ghala la Ruddington karibu na Nottingham liliendelea kujulikana kwa minada hiyo kwa miongo mingi. AEC Matador, lori lililokokota mizinga, lilinunuliwa na wakata mbao na wenye gereji, likafungwa kreni nyuma, likakokota magogo na mabasi yaliyoharibika kwa miaka mingi kuliko lilivyotumikia jeshi. Bedford zilibeba maziwa na mikate. Watu wa maonyesho ya michezo walinunua matrekta ya mizinga yakazungusha bembea.

Na jeep! Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na jeep ya vita kwenye shamba lake kisiwani Anglesey. Akaona ikiisha, Uingereza haina chombo cha kuchukua nafasi yake. Gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chesisi ya jeep, na tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ikaonyeshwa Amsterdam. Chuma cha mabati kilikuwa cha mgawo, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Mnaolijua gari hilo kwa safari za Mbeya na Songea, au kwa kubeba wagonjwa na karatasi za mitihani, mjue kwamba asili yake ni shamba, gari chakavu la vita, na mtu aliyekuwa akilitengeneza.

Hoja ya tano: Kongwa ilionyesha kinachotokea mashine zikifika kabla ya mafundi

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Frank Samuel wa United Africa Company alipendekeza kulima karanga Tanganyika, ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ukazunguka nchi kwa wiki chache, na mpango ukaidhinishwa: ekari zaidi ya milioni tatu zisafishwe kwa mashine. John Strachey, Waziri wa Chakula, aliutetea bungeni. Wanajeshi wa zamani waliomba kazi kwa maelfu, na kazi yote ikapangwa kama vita: kambi, amri, tarehe za mashambulizi.

Mashine hazikuwepo za kununua mpya, kwa hiyo wakatafuta za vita. Matrekta ya minyororo yaliyotumiwa na Wamarekani yaliletwa kutoka Ufilipino, mengi yakiwa yamechoka na kukaa kwenye mvua. Kampuni ya Vickers ilichukua vifaru vya Sherman, ikavua deraya na mzinga, ikavigeuza matrekta yaliyoitwa Shervick. Wazo lilikuwa zuri kwa moyo: kifaru kiwe jembe. Lakini kifaru kiliumbwa kukimbia na kupiga, na kung'oa visiki kutwa nzima kwa mwendo wa kobe ni kazi ya mwili mwingine. Shervick hazikufaa.

Walioishi Ugogo, iliko Kongwa, walijua ardhi yao. Mibuyu haikung'oka kirahisi, na mizizi ya vichaka ilisokotana chini ya udongo ikapinda visu vya tingatinga. Mchanga wenye chembe kali ulisaga minyororo na majembe. Mvua ikikosekana, udongo wa mfinyanzi uligeuka sakafu, karanga zikashindwa kutolewa. Kufikia mwisho wa majira ya kwanza ya kazi, mwaka 1947, sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imesimama. Vipuri vilikuwa baharini au bandarini Dar es Salaam, na karakana kamili ilichelewa kuliko mashine zenyewe. Mpango uliachwa Januari 1951, na walipa kodi wa Uingereza wakapoteza zaidi ya pauni milioni 36.

Nimesoma maelezo mengi yanayolaumu ukame, udongo na siasa. Yote ni kweli. Lakini yasomeni tena mkiwa na jicho la fundi. Jeshi lile lile lililoanzisha REME baada ya kuumia jangwani lilikuwa limekwisha kujua kwamba mashine mia bila karakana ni chuma mia. Miaka mitano baadaye somo hilo lilisahauliwa na waliopanga Kongwa wakiwa London. Vijana wa Tanganyika walifundishwa haraka haraka kupanda trekta na kuliendesha. Kulifungua na kulifunga walifundishwa wachache, kwa kuchelewa. Kumbukeni pia kwamba nchi hii ilikuwa na askari waliorudi Burma na Ethiopia wakiwa na ujuzi wa magari. Wangeweza kuwa uti wa mgongo wa karakana ya Kongwa. Kutowatumia hivyo ni kosa ninalolihesabu kuwa kubwa kuliko ukame, kwa sababu ukame haukuwa na mtu wa kuuzuia.

Kongwa haikuishia hapo. Kuanzia 1964 majengo na uwanja wa mpango ule vilipokea wapigania uhuru wa ANC, FRELIMO na SWAPO. Lakini hiyo ni mada inayostahili mhadhara wake.

Kuelekea mbele

Makumbusho ya Bovington niliyoyataja yalifunguliwa kwa umma mwaka 1947. Inasimuliwa kwamba Rudyard Kipling alipotembelea mahali pale mwaka 1923 na kuona vifaru vya vita vya kwanza vikioza uwanjani, alishauri vihifadhiwe. Leo humo kuna Little Willie, gari la kwanza la aina ya kifaru duniani, na Tiger 131 iliyotekwa Tunisia mwaka 1943, ambayo mafundi waliirudisha kutembea kwa injini. Wanaoifanya kazi hiyo wanakiri shida kubwa moja: chuma kinapatikana, lakini mtu anayejua kusikiliza injini ya zamani na kusema valvu ipi imelegea anazeeka, na vijana wachache wanakuja kukaa pembeni yake. Uhifadhi wa gari la vita usiporithisha ujuzi, unabaki rangi juu ya kutu.

Kwetu kazi ni ndogo kwa ukubwa na ya haraka kwa wakati. Walioendesha matingatinga ya mpango wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea karibu wote wametangulia mbele ya haki, lakini watoto wao wapo, na baadhi wana picha, vyeti vya udereva vya jeshi, hata spana zenye mihuri ya serikali. Napendekeza walimu wa historia wa Dodoma na wakufunzi wa ufundi mliomo humu mwunde vikundi vya wanafunzi mchanganyiko: mmoja wa kalamu, mmoja wa karakana. Wa kalamu aulize jina, kikosi na mwaka. Wa karakana aulize gari lilikuwa la aina gani, lilianzaje kuharibika, lilitengenezwaje bila vipuri, na nani alikuwa mwalimu. Maswali ya huyu wa pili hayamo katika faili lolote la London.

Kwenye meza ya mlangoni nimeacha daftari tupu lenye safu nne: jina la mzee, kijiji, chombo alichokiendesha au kukitengeneza, na ndugu wa kuwasiliana naye. Mwenye jina la kuandika aanze leo kabla hajatoka. Wakufunzi wawili wamekwisha kunikubalia kwamba orodha ya kwanza ikipatikana, wanafunzi wa mwaka wa pili wataanza na Kongwa likizo ijayo, na watakayoyakusanya yatasomwa hapa hapa ukumbini. Sasa nakaribisha maswali, na ningependa la kwanza litoke kwa vijana wa karakana.